Malori ya Mama Neema

Wasomaji wenzangu, acheni niungame. Hapa Kilosa nafundisha uhasibu kwa vikundi, na kila kikundi huingiza kwenye kompyuta hesabu za biashara halisi. Kikundi cha Neema kilihangaika mwezi mzima na biashara ya mama yake.

Siku ya wazazi, zamu ya Neema kuonyesha kazi yao ilipofika alisitasita, nikaketi kwenye kompyuta na kumfungulia faili mimi mwenyewe.

"Mwalimu, hiyo siyo..."

"Tulia, mwanangu. Kazi yako nzuri."

Nikasoma mali zote kwa sauti, nikifafanua kila mstari. Ukumbi ukapiga makofi. Mama Neema akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Mimi nauza maandazi hapa hapa Kilosa, mtaa wa Magomeni. Hayo malori manne ni yangu?"

Nilikuwa nimefungua kampuni ya mfano iliyokuja na programu ya uhasibu. Nikainuka, nikampisha Neema kiti.