Namba Iliyoegemea Kulia

Karani wa makaburi ya mji alikuwa mtu wa sauti ndogo, shati limechomekwa, kalamu mfukoni ingawa kazi yake siku hizi ilikuwa ya kompyuta tupu. Wenzake walimpachika jina la Mzee Sifuri, wala hawakumwonea.

Makaburi yale yalikuwa ya sehemu mbili. Ya juu ndiyo mpya, namba zake zilikwenda hivi hivi: 145, 146. Ya bondeni ilikuwa ya zamani, na kila namba ilitanguliwa na sifuri: 0145, 0146. Juu ya kaburi hapakuwa na jina, kigingi cha zege tu chenye namba. Majina yalikaa kwenye mfumo wa ofisi. Sasa, ukizitoa namba kwenye mfumo ukazitia kwenye jedwali la kuchapisha, jedwali lina tabia yake: likiona sifuri imetangulia, linaimeza. Kwa hiyo Karani, kabla ya kuleta chochote, aliichagua safu nzima akaiwekea kwamba haya ni maandishi, si hesabu. Hapo namba zilikaa upande wa kushoto wa visanduku vyake, sifuri zao vichwani.

“Hiyo sifuri ya mbele ina kazi gani, mzee wangu?” nyapara wa wachimbaji alizoea kumchokoza. “Si pambo tu hilo, kama tai?”

“Ivue, uone utakavyomfukua asiyehusika.”

Walicheka, wakanywa chai.

Ikaja habari ya barabara. Barabara ingepita bondeni, na makaburi yaliyo njiani yahamishiwe nyuma ya ofisi, kila moja na kibao chenye jina. Karani akatengeneza orodha safi, watu wa watu wakahamishwa bila kasoro. Mkewe naye alikuwa kalala bondeni, tangu kitinda mimba wao akiwa mtoto wa kubebwa, lakini pembeni kabisa, nje ya kipimo. Karani akashusha pumzi. Halafu wapimaji wakarudi wakasogeza kamba yao kidogo. Kaburi moja likaongezeka: 0146.

Lilikuwa la mkewe, na ofisi nzima haikujua. Karani si mtu wa kusema mambo yake. Alifungua jedwali jipya, akauleta ule mstari mmoja, namba na jina, akauchapisha haraka huku macho ameyapeleka dirishani. Mstari mmoja tu, kuhangaika na safu ya nini? Akampa nyapara karatasi, akaomba ruhusa, akaenda kujilaza nyumbani. Hakutaka kuona.

Aliporudi, kibao kilishasimama nyuma ya ofisi na jina la mkewe limeandikwa kwa rangi nyeupe. Bondeni katapila lilikuwa limekwisha pita, na baadaye lami ikamwagwa. Tangu hapo kila akitoka kazini alipitia pale, akachuchumaa, akampa mkewe habari za watoto: nani kaposa, nani kaanza ukorofi kama wa babu yake.

Miezi ikapita. Siku moja akaingia ofisini mama mmoja mtu mzima, mkononi kashika kifagio.

“Mwanangu, nilikuwa kwa binti yangu, natibiwa macho. Leo nimekuja kumfagilia kijana wangu, kigingi sikioni. Au macho hayajapona?”

“Namba ngapi, mama?”

“Mia na arobaini na sita. Kule juu.”

Karani alivuta kiti karibu na kompyuta. Akafungua mfumo: 0146, mkewe, iko sawasawa. Akafungua lile jedwali la mstari mmoja. 146. Imekaa upande wa kulia wa kisanduku, zinakokaa hesabu. Haikuwa na sifuri.

Akamwita nyapara pembeni.

“Ile ya mwisho mlichimba wapi?”

“Juu, si uliandika 146? Tukasema labda ni familia imeomba, huwa wanaomba.” Kisha akauona uso wake. “Mzee wangu, kuna nini?”

Karani alirudi mezani, kwenye chai yake. Alitazama dirishani. Mama alikuwa ameketi barazani, anangoja, hana haraka. Angeweza kumwambia kigingi kimeng'oka, akasimika kingine palepale juu, naye akafagia udongo mtupu maisha yake yote bila kujua. Kibao cha nyuma kingebaki. Jioni angekuwa na mahali pa kuchuchumaa.

Alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha akachukua kopo la rangi na brashi.

“Twende, mama. Yuko nyuma hapa. Tulimhamisha kwa kosa, na kosa ni langu.”

Mbele ya mama alilifuta jina kwa rangi, taratibu, kuanzia herufi ya mwisho. Akamwomba jina la kijana, akaliandika.

“Na huyu uliyemfuta?” mama aliuliza.

“Mke wangu.”

“Yuko wapi sasa?”

Karani alielekeza kidole bondeni, kwenye magari. Mama akaweka kifagio chini, akamshika mkono.

“Pole, baba,” akasema. “Pole sana.”

Kazi ilipokwisha, Karani alishika njia ya nyumbani. Kituo cha basi kilikuwa ng'ambo ya barabara mpya, kule bondeni. Alisimama ukingoni. Gari moja likapunguza mwendo, dereva akatoa kichwa.

“Mzee, unavuka au huvuki?”

Karani aliinua mguu, akaitazama lami, akaurudisha.