Maharage Yangu na Maji ya Ndiva

Miaka ile serikali ilikuwa inatafuta walimu kama mtu anayeokota kuni mvua imeshaanza: kavu, mbichi, zote anabeba. Ndivyo nilivyobebwa mimi. Nilikuwa nimeishia kidato cha pili kwenye shule ya kulipia, ada ikaisha kabla yangu, nikarudi kukaa kambini kwenye shamba la mkonge kule tambarare, ambako baba alikuwa mkata mkonge. Nikaitwa semina, nikapewa boksi la chaki, nikapandishwa milimani Upare kufundisha darasa la tatu. Hesabu za kugawanya nilikuwa najifunza jioni ili nizifundishe asubuhi. Mtoto akiuliza swali gumu namwambia, "Hilo ni la darasa la nne, usiwe na haraka."

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Yeye ndiye aliyenilisha makande. Mwezi wa kwanza niliyapenda, mwezi wa pili niliyazoea, mwezi wa tatu nikawa nayaota.

Mshahara tulikuwa tunaufuata Same mjini. Unashuka mlima kwa miguu, unabahatisha lori, unafika umejaa vumbi mpaka kwenye kope, halafu unakaa kwenye benchi la ofisini. Mara nyingine karani ananiambia, "Mwalimu, jina lako halijafika."

"Mbona mimi nimefika?" namjibu. "Hilo jina limebaki wapi?"

Hacheki. Napanda mlima tena, mifuko mitupu. Na hata ukitoka, mshahara wenyewe ulikuwa ukishapita kwenye kodi, sabuni, mafuta ya taa na nauli, unabaki mdogo kiasi cha kuuonea huruma.

Sasa mwaka ule baba aliachishwa kazi. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka, na waliozeeka ndio walioanza kutolewa. Wazee wangu wakaambiwa wawe wametoka kambini kabla ya mvua za vuli. Walikuwa wamepata kiwanja kwenye kijiji cha ujamaa upande wa Kisiwani, kuta za udongo zimeshasimama, paa hakuna. Mama alisema nyasi zinatosha. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Mama wa mwalimu alale chini ya nyasi? Bati ni juu yangu." Baba akaniangalia tu kama mtu anayeangalia mbuzi aliyepanda juu ya meza.

Tegemeo langu lilikuwa maharage. Kijiji kilikuwa kimenipa kipande cha shamba chini ya ndiva, yaani lile bwawa la udongo ambalo babu zao walilichimba. Maji ya mto yanajikusanya humo usiku, asubuhi yanafunguliwa, yanapita kwenye mfereji na kila mtu anamwagilia kwa zamu. Kiangazi kule juu, bila ndiva huvuni kitu. Nikapanda, yakaota vizuri, yakaanza kutoa maua. Kila nikipita namuona mama yangu chini ya bati.

Jumamosi moja asubuhi nikasikia pembe inapigwa. Nikageukia upande wa pili kitandani, nimefurahi. Mimi ni mtoto wa kambi. Kambini king'ora kikilia kinawaita walioandikwa kazini, na asiyeandikwa hata akienda anafukuzwa. Nikajisemea, leo siitwi mimi. Nikatoka na kikombe cha uji, nikakaa kizingitini. Watu wakapita na majembe, wanaume kwa wanawake. Kila aliyepita nikamwambia, "Kazi njema!"

"Haya, Mwalimu," wakajibu, wakapita.

Zamu yangu ya maji ikafika. Nikaenda na jembe, suruali nimeikunja mpaka magotini. Nikamkuta mzee anayegawa maji ameziba njia ya kwangu kwa tope na majani ya mgomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Jembe la nini?"

"Si leo ni zamu yangu?"

"Ilikuwa yako kabla ya msaragambo. Jumamosi kijiji kizima tulikuwa tunasafisha ndiva. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Najua. Ulinitakia kazi njema."

Mama mmoja aliyekuwa anamwagilia kwa jirani akadakia, "Na mimi alinitakia! Tena na kikombe cha uji mkononi!" Wote waliokuwa mferejini wakacheka mpaka mmoja akakaa chini.

Nikajitetea kwamba sikujua, kwetu pembe ni ya walioandikwa. Mzee akaniuliza, "Maharage yako yanakunywa maji?"

"Yanakunywa."

"Basi uliandikwa."

Faini yake ilikuwa kuzibua mfereji, kipande kirefu kilichokuwa kimejaa tope, halafu ningoje mwisho wa zamu. Na maharage ndiyo hayo yako kwenye maua, jua linawaka.

Nikajiona nina akili. Kesho yake nikatoka na darasa la tatu zima, majembe mabegani, tunaimba. Elimu ya kujitegemea, nani atanipinga?

Mzee akawatazama watoto. "Huyu ni mjukuu wangu. Yule wa dada yangu. Wale wawili, baba yao alikuwa hapa Jumamosi tangu asubuhi. Sasa, Mwalimu, faini yako wanalipa wajukuu zangu?"

Nikawaambia watoto wageuze. Watoto wakarudi darasani wanaimba ule ule wimbo, kwa sauti kubwa zaidi.

Nikachimba mwenyewe, kila siku baada ya kengele ya mwisho. Mama mwenye nyumba akaja kunitazama na bakuli la makande. Hakushika jembe, maana faini ya mtu haisaidiwi. Ila mdomo alinisaidia.

"We mwanangu, tope unajirushia kichwani? Litupe kando! Huko kambini mlikuwa mnachimba nini?"

"Tulikuwa hatuchimbi, mama. Tulikuwa tunakata."

"Basi kula, mkata mkonge."

Maji yalipofika shambani kwangu, maua mengi yalikuwa yameshaanguka. Yaliyobaki yakazaa. Nilivuna kidogo, nikashuka nayo Same, nikauza, nikanunua bati kadiri hela ilivyotosha. Nikapata lori la kwenda Kisiwani, nikashuka, bati kichwani, zinanipiga kisogo kila hatua.

Wazee wangu walikuwa wamekuja kutoka kambini kunisubiri kiwanjani. Mama akanipokea, akaangalia nyuma yangu, barabarani. "Nyingine zinakuja na gari?"

"Hakuna nyingine, mama. Ndizo hizo."

Nikamweleza habari ya pembe na uji. Alicheka akashika ukuta. Baba hakucheka. Alizichukua bati, akapima kwa fimbo, akasema zinatosha chumba cha kulala. Sebule na jiko tukaezeka nyasi, siku hiyo na siku iliyofuata, mimi juu, mama ananirushia mafungu kutoka chini. Wakahama kambini wiki ile ile, mvua haijaanza.

Ilipoanza, baba akalalamika kwamba bati zinapiga kelele, usingizi hauji, heri nyasi.

Mama akamwambia akalale jikoni.