Mwizi wa vikonyo aliyekuja kila Septemba

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla hajanawa uso wala kumsalimu mtu, Modesta Masele anahesabu majani.

Amesimama kwenye kibaraza cha nyumba yake, juu ya mawe ya Kitangiri wilayani Ilemela. Mkono mmoja umeshika daftari, mwingine unapita jani kwa jani. Leo ni mia mbili na kumi na saba. Jana yalikuwa mia mbili na kumi na nane. Anainama, anapapasa chini ya benchi, anaokota jani la manjano na kuligeuza mara mbili kuona kama lina alama ya mkasi.

“Limedondoka lenyewe,” anasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyetarajia jambo jingine.

Modesta ana miaka arobaini na saba. Mchana hushona sare za shule kwenye kibanda Mkuyuni, kazi inayompa kati ya shilingi elfu kumi na elfu kumi na tano kwa siku, umeme usipokatika. Asubuhi na jioni hulea hoya, mmea unaotambaa wenye majani manene na maua yanayong'aa utadhani yamepakwa nta. Anazo aina kumi na moja, zimening'inia kwenye makopo ya rangi aliyoyajaza pumba za mpunga, mkaa uliopondwa na changarawe, maana udongo mtupu huozesha mizizi.

Kibaraza chote kimezungushiwa wavu wa kuku. Mlango wa wavu una kufuli kubwa kuliko la mlango wa sebule, na majirani hawajaacha kumuuliza kuku wake wanataga lini.

Hakuzaliwa na shaka hizo. Zamani alinunua mjini, upande wa Nyamagana, jani moja la hoya lenye umbo la moyo, limechomekwa kwenye kikombe. Muuzaji alimhakikishia kwamba litatambaa hadi dirishani. Miaka saba imepita na bado ni jani moja, kijani kibichi, halifi wala halikui. Lilikatwa bila kifundo cha shina, na pasipo kifundo hakuna chipukizi. Kikombe hicho amekiweka karibu na mlango ili akione kila anapotoka.

“Huyo ndiye mwalimu wangu,” anasema. “Alinifundisha kwamba mtu anaweza kukuuzia kitu kizima na bado akawa amekuibia.”

Mmea anaouhesabu majani ni mwingine. Aliupata miaka tisa iliyopita kutoka kwa mteja wake wa mapazia, mama mmoja wa mtaa wa Capri Point. Mama huyo alikuwa anahama, akamwachia kijitawi kimoja na karatasi iliyoandikwa kwamba ni hoya ya maua mekundu ya kiza, karibu na rangi ya zambarau, aina inayotafutwa sana na wapenzi wa mimea hii.

Kwa maneno ya karatasi hiyo, Modesta ameuza matawi tisa yenye mizizi, kila moja shilingi elfu arobaini, kupitia kundi la WhatsApp la wakuza hoya. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuliona ua lake. Hoya nyingi hufanana majani kama watoto wa baba mmoja, na ua ndilo linalotoa ushahidi. Mwaka jana msimamizi wa kundi, Farouk, alimwandikia kwa heshima zote kwamba wanunuzi wanaanza kunong'ona. Alete picha ya ua kabla ya Pasaka, la sivyo jina lake litaondolewa kwenye orodha ya wauzaji wanaoaminika.

“Nilisoma ujumbe ule mara nne,” Modesta anakumbuka. “Mimi niliyetapeliwa jani, leo niitwe tapeli?”

Ua halikuwahi kuonekana kwa sababu, tangu mmea ulipokomaa, kila mwaka kulikuwa na mtu aliyelikata kabla halijazaliwa. Hoya hutoa kikonyo kifupi kisicho na jani, na juu yake ndipo maua huja. Kikonyo kinaweza kukaa miezi bila dalili yoyote, kikavu kwa kutazama, na hata maua yakishapukutika hakikatwi, kwa kuwa msimu unaofuata maua hurudi palepale.

Daftari la Modesta lina kumbukumbu zake. Tarehe 14 Septemba, vikonyo vitano vimekatwa. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Septemba, vikonyo saba. Mwaka uliofuata tena, vyote.

Mshukiwa hakumsumbua kumtafuta. Dorcas, mpangaji wake wa chumba cha uani, huuza miche ya maua kando ya barabara Mkuyuni. Aliwahi kuomba kijitawi cha mmea ule, akanyimwa. Miezi michache baadaye, karibu na bomba la maji, kopo la Dorcas likaonekana na hoya yenye majani yaleyale. Dorcas alisema ameinunua Buswelu. Modesta hakubishana, alijisemea tu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kisha akaenda kununua wavu.

Kwa miaka mitatu wakazi hao wa nyumba moja hawakusalimiana. Kodi ilipitishwa chini ya mlango ndani ya bahasha. Hata hoya ya Dorcas ilipochanua, maua ya waridi hafifu yenye nyota nyekundu katikati, wala si mekundu ya kiza, Modesta hakulegea. Alihisi kwamba Dorcas ameuza ule wa wizi na kuweka huu wa kupoteza ushahidi.

Kufuli lilikuwa na funguo mbili. Mmoja aliuvaa shingoni. Wa pili aliukabidhi kwa mtu pekee asiyemtilia shaka, mama yake, Bernadeta, mkulima wa pamba kutoka Magu, ambaye huja mjini kupumzika kazi za shamba zikiisha. Vikonyo viliendelea kukatwa. Modesta akaamini kwamba Dorcas amechongesha ufunguo.

Septemba iliyopita umeme ulikatika Mkuyuni na Modesta akarudi nyumbani saa nane mchana. Mlango wa wavu ulikuwa wazi. Ndani, juu ya kigoda, alikuwa ameketi Bernadeta na bakuli mapajani, anavunja vikonyo kimoja kimoja na kujifuta utomvu mweupe kwenye kanga.

“Shikamoo mama. Unafanya nini?”

“Marahaba mwanangu. Masalia haya. Ukiyaacha yanalea wadudu. Mie nakusafishia kila mwaka, nawe hata asante hujawahi kunipa.”

Kwa mkulima wa pamba, jambo hilo halina mjadala. Mavuno yakiisha, miti ya zamani hung'olewa na kuchomwa ili funza asipate pa kulala hadi msimu ujao. Bernadeta amefanya hivyo tangu akiwa msichana. Alichokiona kwenye kibaraza cha bintiye ni uzembe wa watu wa mjini, akaurekebisha kimyakimya, kwa upendo, miaka minne mfululizo.

Modesta anasema alikaa sakafuni. Hakumkasirikia mama. Alichosikia ni aibu, kwa sababu dirisha la Dorcas lilikuwa wazi, naye Dorcas alikuwa ndani anasikia kila neno.

Jioni hiyo alikata tawi lenye vifundo vinne akampelekea. Dorcas hakulipokea papo hapo. Alilitazama tawi, akamtazama mwenye nyumba, akauliza kama ana nia ya kumpandishia kodi.

Vikonyo viwili vilikuwa vimejificha nyuma ya bomba la paa, Bernadeta hakuviona. Modesta alivifunga uzi mwekundu wa cherehani. Mwezi Februari, makala haya yalipoanza kuandikwa, kimoja kilikuwa na vitumba ishirini na tatu, vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti.

Wiki tano baadaye Modesta alimpigia simu mwandishi wa makala haya. Alisema njoo, akakata simu.

Kibarazani harufu ilikuwa tamu, nzito. Vitumba vyote vilikuwa vimefunguka. Rangi yake ni waridi hafifu, na katikati ya kila ua kuna nyota nyekundu.

Dorcas alikuwa amesimama upande wa pili wa wavu. “Ni kama wangu,” alisema taratibu.

Hapo palikuwa pagumu, kwani karatasi ya Capri Point ilikuwa imekosea rangi. Ama Dorcas aliiba kweli, na mmea wake ni mtoto wa huu. Ama aliununua Buswelu kama alivyosema, na Modesta ameuza hoya ya kawaida kwa jina la hoya adimu. Modesta alimtazama Dorcas. Jicho lile la miaka mitatu lilirudi, na Dorcas aliliona likirudi.

“Risiti sina, dada,” Dorcas alisema. “Lakini karatasi yako uliisoma. Ua ulikuwa hujaliona.”

Modesta alitoa simu, akalipiga picha ua, akaituma kwenye kundi. Chini yake aliandika kwamba jina alilouzia mmea huu silo, na kwamba kila aliyenunua atarudishiwa fedha zake, mmoja mmoja, kadiri sare zitakavyoshonwa.

“Nilimshuku kila mtu anayepita hapa,” anasema. “Karatasi ile sikuishuku hata siku moja, kwa sababu ilisema nilichotaka.”

Farouk alijibu baada ya nusu saa. Alisema jina la Modesta litabaki kwenye orodha.

Sasa Modesta na Dorcas wanapanga kufungua meza moja Mkuyuni. Kila kopo litakuwa na kibao cha tarehe ya kupandwa, na ambalo halijatoa ua litaandikwa “Halijachanua, jina bado.” Bernadeta ameshapiga simu kusema Septemba atakuja kama kawaida.

Kufuli bado lipo, na funguo bado ni mbili. Wa mama umerudishwa. Kwa sasa anao Dorcas.

“Mama akija, itabidi amwombe yeye,” Modesta anasema, akifungua daftari kwenye ukurasa mpya. “Majani nayahesabu vilevile. Ila siku hizi tunahesabu wawili.”