Wimbo Nilioufuata Lubarika

Jumatano ya Majivu, mwaka wa 1965, tulimzika mke wangu Feza hapa Uvira. Alikufa kwa homa. Muuguzi wa dispensari alikuwa amevuka kwenda Burundi waasi walipoingia mjini, na hata baada ya askari wa serikali kuurudisha mji, yeye hakurudi. Pamoja na Feza tulizika kitu ambacho sikujua kwamba kinaweza kuzikwa: wimbo wa kumlaza mtoto wetu.

Mtoto huyo anaitwa Nyota. Alikuwa na miaka mitatu hivi. Kila mchana, baada ya kula, Feza alimlaza mkekani na kumwimbia kwa Kifuliiru, na Nyota aliimba naye mpaka sauti yake ikakatika kwa usingizi. Mimi ni Mvira wa ufukweni, kazi yangu ni kushona nyavu. Nilikuwa nikishona pale mlangoni na wimbo nikiusikia kama nisikiavyo mawimbi: yapo, basi. Nilikuwa nimeushika mstari wa kwanza tu.

Mambo mengine ya Feza niliyashika vizuri. Mwaka wa uhuru jirani yetu alinunua redio, na Feza alikuwa akipepeta unga kwa kufuata gita lililokuwa likipigwa mle ndani. Redio ile ilichukuliwa na watu wenye bunduki, sijui wa upande gani. Feza alisoma kwa masista kunizidi mimi, na jioni alinisomea kitabu cha darasa la tatu, kidole chake kikitangulia, jicho langu likifuata. Alipokufa nilijaribu kumsomea Nyota hadithi ya sungura katika kitabu hicho. Akaweka mkono wake juu ya ukurasa, akaufunika.

Tangu mazishi hakulala mchana, na usiku alilala kidogo sana. Alikuwa akikaa mkekani, macho wazi, akitungojea. Dada yangu Mapendo, aliyekuja kutusaidia, alimpeleka sokoni kwa wanawake wa Kifuliiru wasio wafiwa, kila mmoja na wimbo wake. Nyota aliwatazama midomo, kisha akatikisa kichwa. Wimbo ule mama yake Feza aliutunga mwenyewe kwa ajili ya watoto wake, na mama huyo alikuwa Lubarika, katika uwanda wa Ruzizi, upande ule ambako barabara ilikuwa imefungwa. Hakujua bado kwamba mwanawe amekufa. Kwetu habari ya kifo haipewi dereva aipeleke. Huenda nayo mtu wa nyumba.

Barabara ilipofunguliwa kidogo, nilimfunga Nyota mgongoni, nikabeba kitunga cha ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, nikaondoka. Nilikuwa na kazi mbili, kupeleka habari ya kifo na kuomba wimbo, na njia nzima nilizihesabu kama mzigo mmoja.

Asubuhi hiyo nilipata nafasi juu ya kamio, lori lililokuwa likifuata mihogo. Kabla ya kuuacha mji tulisimamishwa kwenye kizuizi cha askari.

"Weye, unaenda wapi?" mmoja aliniuliza.

"Lubarika, chef. Kwa bakwe zangu."

"Na mama ya huyu mutoto iko wapi?"

"Amekufa."

Alimtazama Nyota, kisha akafunua kitunga. "Pita, baba. Hizi ndagala zako zinanuka kupita basoda bote ba hapa."

Wenzake walicheka. Mimi pia nilicheka, na nikaona haya, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Kutoka hapo njia ilikuwa matope. Mvua zilikuwa zimekula ukingo wa barabara, na katika mashamba ya pamba magugu yalikuwa yameizidi pamba. Nyumba nyingi zilikuwa na kuta bila mapaa. Karibu yangu alikaa mama mmoja muuza chumvi, mnene, mwenye maneno mengi. Alimtazama Nyota kwa muda mrefu.

"Huyu halali? Macho yake iko kama ya samaki mu kitunga."

Nilimweleza kila kitu: Feza, wimbo, mama yake asiyejua. Aliacha kutafuna muhogo wake.

"Sasa weye unaenda kumwambia kifo kwanza?"

"Ndiyo."

"Weye mujinga, baba yangu! Ukisha kumwambia, ataimba na kinywa gani?"

Hilo nilikuwa nimelijua, lakini sikuwa nimelisikia kwa sauti ya mtu. Nyumba iliyofiwa haiimbi, isipokuwa nyimbo za kulia. Nyimbo za furaha, za kazi, za kulaza mtoto, zote hufungwa mpaka siku ya kunyolewa nywele na kuondoa matanga. Na wa kwanza kunyolewa upande wa Feza lazima awe kaka yake mkubwa, ambaye alikimbilia Burundi na hakuna aliyejua yuko kambi gani. Matanga yale yangeweza kukaa mwaka, au zaidi.

"Omba wimbo kwanza," yule mama aliendelea. "Ushike maneno, ushike sauti, kisha utoe habari. Kwani maiti atakimbia?"

"Na yeye akijua kwamba ameimba, na mwanawe yumo udongoni?"

"Atalia. Hata hivyo atalia." Aliugusa mguu wa Nyota. "Lakini huyu atalala."

Aliposhuka alinipa chumvi kidogo ndani ya jani la mgomba, akasema, "Usiwe mutu wa haki sana mu vita, baba Nyota." Maneno hayo yalinifuata mpaka kamio iliposimama kwenye daraja lililovunjika. Kutoka hapo nilitembea, milima ya Mulenge ikiwa mbele yangu na wingu juu yake. Nakiri kwamba nilipofika kwenye mihogo ya kwanza ya Lubarika, nilikuwa nimeamua kumfuata yule mama.

Jua lilikuwa limeanza kushuka nilipoingia kiwanjani. Mama mkwe wangu, ambaye watu wote humwita Mama Feza, alikuwa akipukuchua maharage. Aliinuka, akageuka upande kidogo kwa heshima, kwa maana mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni.

"Karibu, mukwe wangu! Na Mama Nyota iko wapi? Amebakia nyuma na mizigo?"

Kabla sijafungua kinywa alikuwa amemtoa mtoto mgongoni pangu. "Aa, mifupa tu! Kule ku ziwa mnamulisha nini, maji?" Akamweka kifuani, akaanza kumwimbia, palepale, akiwa amesimama.

Ulikuwa wenyewe. Usilie, maziwa yako njiani. Nyota aliinua kichwa. Mama alipita mstari wa kwanza akaingia wa pili, ule ambao mimi sikuujua, na nikaona macho ya mtoto yakilegea kama zamani. Sikulazimika kudanganya. Nilitakiwa kunyamaza tu, kwa muda wa wimbo mmoja mfupi.

Lakini alikuwa akiimba huku akitabasamu, na aliangalia njia nyuma yangu, akimtazamia Feza atokeze.

"Mama," nilisema, "unyamaze."

Hakuna mkwe anayemwambia mama mkwe wake neno hilo. Alinyamaza. Aligeuka akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya ndoa.

"Feza?"

"Feza."

Alimshusha Nyota polepole mpaka miguu ikagusa chini. Kisha akakaa juu ya maganda ya maharage, akapiga yowe, na wanawake wakaja kutoka kila upande. Nyota alisimama katikati yao akiutazama mdomo wa bibi yake.

Siku zilizofuata nilikaa pale na wanaume, tukiota moto na kusema kidogo. Nilieleza ugonjwa ulivyokwenda, nani alichimba kaburi, nguo gani tulimvika. Waliuliza tena, nami nikaeleza tena. Wimbo sikuutaja. Ila Nyota alikuwa akimfuata bibi yake kila mahali, akishika nguo yake, na mwishowe Mama Feza aliwauliza wanawake kwa nini mtoto huyu halali. Waliniita. Nikamwambia, nikiwa nimekaa kwa ubavu.

Alijifunga upya kitambaa chake cha kichwani.

"Ungeniacha nimalize," alisema. "Ningemaliza, nisingejua kitu."

"Ndiyo, Mama."

"Ulifanya vizuri." Akachochea moto. "Tena ulifanya vibaya."

"Ndiyo, Mama."

"Kuimba siwezi. Kaka yake hajanyolewa." Kisha akamwita Nyota, akamkalisha kati ya magoti yake. "Lakini kusema si kuimba."

Akayasema maneno, makavu, kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Usilie, maziwa yako njiani. Yametoka Mulenge kwa ng'ombe wa paji jeupe. Yamevuka mto, hayakumwagika. Mbwa ameyaona, hakuyalamba. Hapo akakoma.

"Imebakia moja," alisema. "Hiyo siisemi."

Ndipo Nyota akaimba. Sauti yake ilikuwa na kikohozi cha moshi, na alianza mwanzo kabisa, paji jeupe, mto, mbwa, akafika pale bibi yake alipokoma, akapita: mama ndiye anayekuja nayo, kibuyu kichwani. Hakuna aliyemkataza. Mtoto wa umri ule hafungwi na matanga, hana nywele za kunyolewa kwa ajili ya mtu. Mama Feza aliufunika uso wake kwa kitambaa. Nyota aliimba mara ya pili, mara ya tatu, na katika mara ya tatu akalala.

Tuliondoka asubuhi yenye mvua, na kitunga changu kilijaa maharage. Njiani nilifikiri juu ya yote hayo. Nilidhani wimbo umezikwa pamoja na Feza, na kumbe ulikuwa kwa mtoto mwenyewe. Alikuwa akingoja mtu mkubwa auanze, na sisi wakubwa wote tulikuwa tumefunga vinywa kwa heshima ya marehemu. Sijui kama ningemwacha bibi amalize ingekuwa heri. Nalifikiri hilo hata sasa.

Tulifika Uvira kesho yake mchana. Mapendo alitupa ugali na sombe ya majani ya muhogo, nami nikamlaza Nyota mkekani, nikayasema maneno kwa Kifuliiru changu kibovu, bila sauti ya wimbo. Nyota akaimba. Mapendo aliyekuwa akifagia alishtuka.

"Kaka, anaimba! Mu nyumba ya matanga! Watu watasema nini?"

"Mwache."

Aliweka ufagio chini, akaenda kufunga mlango na dirisha majirani wasisikie. Kisha akarudi, akakaa chini karibu na mkeka, akasikiliza.