Mama wa Shujaa Anakufa Tena

"Huyu tushamzika! Hitma tushasoma na pilau tushakula!"

Picha ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Kwenye televisheni mama wa shujaa yu hai, mzima wa afya, anamenya viazi jikoni kwake, na banda zima linapiga kelele kuwa ni maiti. Aliyeanzisha ni fundi wa magari wa mtaani kwetu Kikwajuni, mtu mzima mwenye heshima zake, ila akiingia kwenye banda la video heshima huziacha mlangoni pamoja na viatu. Picha ya zamani ya shujaa huyu aliitazama mpaka akaihifadhi. Mle mama aliungua ndani ya nyumba, mwana akamlilia, na kilio kile ndicho kilichomfanya shujaa. Sasa wenye picha yao wameitengeneza upya tangu mwanzo, wametia mtu mwengine ndani ya nguo zile zile, na mama wamemfufua ili afe tena.

"Na shujaa mwenyewe siye," akadakia kijana mmoja. "Kifua chenyewe kama changu."

"Afadhali chako!" akajibiwa, na watu wakacheka.

Mie nilikuwa nimekaa pembeni ya televisheni, maiki mkononi, masikio yananiwaka moto. Ilikuwa Ijumaa, baada ya alasiri, na ile ndiyo siku niliyopewa.

Kwenye banda letu picha haitazamwi kwa Kiingereza. Sauti hupunguzwa, mtu akashika maiki akasema yeye: akawa shujaa, akawa mwizi, akawa polisi, akawa mama, na mbwa akibweka akabweka naye. Miaka yote mtu huyo alikuwa baba yangu. Watu hawakuwa wakisema twende tukatazame picha, walisema twende tukamsikilize mzee. Kisha kiharusi kikampiga, upande wa kulia ukalala na ulimi ukalala nao. Daktari alituambia anafahamu kila kitu, maneno tu ndiyo hayana pa kutokea. Kilichombakia ni msonyo. Na msonyo wa baba, wallahi, ni hotuba nzima: upo wa chai iliyopoa, upo wa mgeni asiyeaga, upo wa taarifa ya habari.

Mwenye banda ni rafiki yake tangu ujana, mie namwita ami. Baba alipougua, ami alijaribu kuwawekea watu picha kwa Kiingereza chake, wakawa wanasinzia kwenye viti. Nikamfuata nikamwambia anipe maiki. Kiingereza nnakisomesha skuli, nimekisomea chuo kikuu Tunguu, na kazi ile nimeiangalia tangu siwezi kufunga kanga.

"Khaa! Mwanamke?" akasema.

"Kwani ami, mama wa shujaa ni mwanamume?"

Alicheka, lakini akanipa sharti. Ijumaa moja tu, kwa picha hii mpya ambayo kila mtu alikuwa akiingojea. Watu wakikaa, kazi yangu. Wakitoka, anatia ile ambayo mtu wa Dar es Salaam keshaisemea, na maiki anaichomoa moja kwa moja. Flashi yenye picha hiyo alikuwa nayo kwenye mfuko wa shati, akinionyesha. Nikakubali. Sikuitaka maiki ile ili nimuenzi mtu. Niliitaka kwa sababu kazi naiweza. Na kuna jambo jengine sikumwambia. Baba kila Ijumaa tulikuwa tukimpeleka bandani, akakaa kwenye kiti chake nyuma, karibu na feni. Kumkalisha pale asikilize sauti ya mgeni ikitoka mahali ilipokuwa ikitoka yake, hilo nilijiapiza halitotokea nikiwa hai.

Basi kelele zilipozidi, nikafanya nililoliona ni la akili: nikaingia kwa sauti ya baba. Nikalikaza koo, nikasubiri kijana wa kwenye picha akutane na wahuni njiani, nikamwachia ule msemo wa baba uliokuwa ukiwanyanyua watu vitini: "Leo mtanikoma ubaya!"

Loh! Sauti ikanikatika katikati, ikatoka kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Banda likaangua kicheko. Na kicheko kilipopungua, kutoka nyuma karibu na feni, ukaja msonyo. Mrefu, wa taratibu, hauna haraka. Hakuna asiyejua ni wa nani.

"Mzee mwenyewe kakataa!" fundi akapiga makofi. "Mwalimu, basi, kaa chini!"

Iliniuma. Sitosema haikuniuma; machozi yalifika hapa. Nikamwona ami anatia mkono mfukoni.

"Ami," nikamwambia, "iache hiyo flashi mahali pake."

Nikabonyeza rimoti, picha ikasimama. Nikasimama na mie.

"Haya jamani. Tushamzika, ndiyo. Na tambi je? Kila Ramadhani mnafuturu tambi zile zile, mbona sijasikia mtu kasema tushakula? Harusini nako, maneno ya kadhi si yale yale? Mbona mnakwenda, tena na makanzu mmeyapiga pasi?" Kina mama wawili watatu waliokaa nyuma wakacheka. "Huyu kijana hana kifua, kweli. Nyie mnavyo? Mtu aliyekuja kutazama kifua aende wanakonyanyua vyuma. Aliyekuja kusikia hadithi akae. Baba yangu hawezi kusema, nyote mnajua. Na mie siwezi kuwa yeye, nimejaribu hapa hapa, kanisonya mbele yenu. Basi ntasema kwa mdomo wangu. Asiyetaka, mlango ule pale, pazia halina kufuli."

Vijana kadhaa wakatoka kweli. Fundi naye akanyanyuka, akavaa viatu vyake, akafika penye pazia, akasimama.

"Nnaondoka," akasema.

"Haya, nenda."

"Nnangojea jua lipungue."

Nikairudisha picha ikaendelea. Nikaacha kukaza koo. Yule kijana mwembamba nikamtazama vizuri, nikaona kumbe ni muoga, macho yake yanahangaika kila akiingia mahali, na mwenye kumtengeneza alitaka hivyo. Nikamsemea kama anavyosema kijana wa mtaani kwetu aliyevunja kioo cha jirani na hajui aingie nyumbani kwa mlango gani. Alipokigundua kile kipaji chake cha kunyanyua gari kwa mkono mmoja, yule wa zamani alinguruma, huyu nikamfanya aseme, "Yallah, mama akijua mie sina pa kulala." Watu wakacheka, safari hii wakicheka naye. Kutoka kwenye pazia nikasikia, "Huyo ataumia huyo, hana kifua." Lakini sauti ilikuwa ya mtu anayemuonea huruma.

Na mama yake nikamfanya mama. Kila kijana akiingia ndani: umekula? Akitoka: unakwenda wapi na tumbo tupu? Kwa Kiingereza hakuyasema hayo. Alikuwa akisema maneno mengi ya nyota na majaaliwa, kama mtabiri. Mie sijapata kumuona mama wa namna hiyo, si Kikwajuni wala kwengine.

Ukafika moto.

Kila mtu alikuwa anaujua. Kwenye picha ya zamani baba yangu alimsemea mama yule wasia, wasia hasa, mrefu, wenye dua ndani yake, na watu wazima walikuwa wakilia waziwazi. Nikajua wanaungojea. Nikajua na yeye pale nyuma anaungojea. Nyumba inawaka, kijana yuko nje ameshikwa na watu, mama anaonekana dirishani. Midomo yake inakwenda. Nikasema:

"Mwanangu, usiingie. Nasema usiingie! Chakula chako kipo, nimekifunika kwa kawa. Ule. Usilale na njaa kwa ajili yangu."

"Sasa na moto ule," kijana mmoja akasema, "hicho chakula kitabaki?"

"Nyamaza wewe!" Alikuwa bi mmoja jirani yetu, na sauti yake ilikuwa imeshaingia maji. "Mama hajui hayo."

Niliendelea kusemea picha na sikio langu moja liko nyuma, nikiungojea msonyo. Haukuja. Ami alikuwa ameegemea ukuta, mikono kaifumbata kifuani, hata flashi hakuikumbuka. Fundi alikuwa amekaa chini penye pazia, viatu vyake miguuni, anajifuta uso kwa kitambaa cha grisi.

"Mwalimu," akaniita. "Rudisha nyuma kidogo."

"Nirudishe wapi?"

"Pale. Pale mama anapokufa."

Ah, nikapandwa na kiburi! Nikamwambia picha yangu hairudi nyuma, asiyesikia mara ya kwanza shauri yake. Sijamaliza kusema, ukaja msonyo kutoka karibu na feni. Mfupi, mkali. Ule wa kuniambia mie, mwanawe, niache upuuzi.

"Mzee anataka!" watu wakapiga kelele. "Rudisha! Mzee anataka!"

Nikarudisha. Nyumba ikawaka upya, mama akaja dirishani, nikaanza: mwanangu, usiingie. Nikageuka kumtazama baba, nione ameipokea vipi kazi yangu. Alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, mkono ulio mzima umeshika goti, macho yako kwangu wala hayako kwenye televisheni, na midomo yake inakwenda. Sauti haikutoka. Lakini niliyaona maneno mdomoni mwake, yangu, ananifuata nyuma, upande mmoja wa mdomo ukivuta na mwengine ukikataa. Nilipofika kwenye chakula yeye alikuwa bado yuko penye usiingie.

Nikapunguza mwendo. Picha ikanipita, moto ulishazimwa, mama alishafunikwa shuka, kijana analia barabarani, na mie bado nnasema nimekifunika, nikanyamaza nikamngoja, kwa kawa, nikamngoja. Hakuna mtu bandani aliyeniambia nimechelewa. Nikasema ule, na nikakaa kimya na maiki mdomoni mpaka baba naye akalimaliza neno hilo.