Aliyekula Pakiti ya Mashine

Liao Shih-kai alikuwa mwaka wa tano katika shahada ya miaka minne. Wanafunzi wapya walimwamkia kwa heshima wakidhani ni mwalimu msaidizi, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Somo moja tu ndilo lililomgomea: Usanifu wa Mashine. Mara ya kwanza alianguka kwa sababu mashine yake ya kumenya vitunguu iliwaka moto. Mara ya pili mashine haikufanya chochote kabisa, na Profesa Teng akasema afadhali ile ya moto, angalau ilikuwa na nia. Akianguka tena safari hii, jina lake lingefutwa chuoni, miaka mitano ingekwenda na maji, na yeye angerudi kijijini Yanchao kuvalisha mapera mifuko mtini yasiliwe na wadudu, bega kwa bega na mama yake.

Mapera ndiyo yaliyompa wazo. Unaweka pera kwenye kisahani cha mizani, mashine inalipima, kisha mkono wa chuma unalisukuma: zito kapu la kulia, jepesi kapu la kushoto. Mwenzake Fan Yu-chin, binti mdogo kwake kwa miaka miwili, aliandika programu yote. Alipomaliza akaweka juu ya mashine pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ladha ya nazi, hirizi ya kwao ya kuifanya mashine itii.

Nani angethubutu kuwasha mashine bila pakiti? Kompyuta za benki zinayo, vyumba vya upasuaji vinayo. Sharti iwe ya kijani, kama taa inayoruhusu magari. Ya njano, mashine itasitasita, nyekundu, itagoma. Isiwe imepitwa na tarehe. Na isiliwe! Ajabu ni kwamba wenye shahada tatu ndio wanaolishika sharti hili kuliko wauza mboga.

Onyesho lilikuwa saa nane mchana. Saa saba Yu-chin alikwenda kuchapisha ripoti, akamwacha Shih-kai karakanani, yeye na tumbo lake. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi. Aliitazama pakiti. Pakiti nayo ni kama ilimtazama.

"Mimi ni mhandisi," akaiambia. "Chuma hakijui nazi."

Akaifungua, akamimina kidogo kwenye kisahani cha mizani maana sahani nyingine haikuwepo, akala kimoja. Ukishakula kimoja, cha pili kina kosa gani? Alipozinduka, pakiti ilikuwa tupu. Akaipuliza ijae hewa, akaikunja mdomo, akairudisha mahali pake.

Yu-chin aliporudi alisimama mlangoni.

"Kaka Kai, mbona pakiti imesinyaa?"

"Joto."

"Joto! Na hayo mafuta midomoni mwako, nayo ni joto?"

"Wee, sema polepole!"

"Umekula ya mashine! Watu wanakula ya wenzao, wewe unakula ya mashine!"

Wakajaribu haraka. Pera dogo likaenda kushoto, sawa. Pera la wastani, kushoto. Pera kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, kushoto pia.

"Unaona?" Yu-chin alikuwa karibu kulia. "Imesusa!"

"Mashine haisusi, mdogo wangu."

"Basi iambie iende kulia!"

Kabla hajajibu, Profesa Teng aliingia na chupa yake ya maji moto, darasa zima nyuma yake. Akachagua mwenyewe pera kubwa, akaliweka. Kushoto.

"Mwanafunzi Liao, sababu nini?"

Uongo ulikuja mbio: kifaa cha kupimia kimechoka, Profesa. Lakini chupa ile ilikuwa imesikia visingizio vya miaka thelathini. Shih-kai akainama, akanyanyua kisahani. Chini yake, kwenye mwanya wa fremu, chembechembe zilikuwa zimeshindiliwa kama saruji. Alielewa papo hapo, na masikio yakamwaka moto.

"Kuna uchafu umejibana hapa, Profesa. Kisahani kimeegemea fremu. Fremu inabeba sehemu ya uzito, kwa hiyo mizani inaliona pera zito kuwa jepesi."

"Vizuri. Uchafu wa nini?"

Shih-kai akakigeuza kisahani, akajifanya anatafuta alama ya kiwanda.

"Wa nini, Liao?"

"Wa... nazi, Profesa."

Darasa likaguna kwa pamoja. "Ameila!" mtu akapiga kelele nyuma. Profesa Teng akaweka chupa mezani taratibu.

"Mtu mzima. Mwaka wa tano. Umekula ya mashine?"

"Njaa, Profesa."

"Safisha."

Shih-kai alisugua kwa mswaki na kwa leso. Pera kubwa likarudishwa. Mkono wa chuma ukafikiri kidogo, kisha ukalisukuma kulia. La pili, kulia. Dogo, kushoto. Yakapita kumi bila kosa hata moja.

"Kila mwaka naambiwa mashine mbovu," Profesa akasema akiandika. "Wewe umenitajia kosa, chanzo chake, na mkosaji. Ningekupa themanini. Ishirini nimekata kwa ajili ya pakiti. Sitini."

Sitini! Ndiyo alama ya chini ya kufaulu, na Shih-kai hakuwahi kusikia namba tamu kama ile. Akataka kuruka.

"Usiruke. Iombe radhi kwanza."

Shih-kai akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Basi mhandisi mpya akaunganisha viganja, akainama mbele ya mizani ya mapera.

"Nisamehe, ndugu yangu. Sitarudia."

"Inama zaidi, Kaka Kai," Yu-chin akamnong'oneza. "Alama zangu mimi bado hajaziandika."