Vinyonga wa Marangu, Vyura wa Mabogini

Kwa miaka minne nilifundisha baiolojia Moshi mjini kwa kitabu chenye picha za nyoka wa nchi za mbali. Siku moja mwanafunzi wangu Aneti akaniuliza majina ya vyura wa kwao, ambao kitabuni hawakuwamo. Likizo ilipofika nikachukua daftari, penseli na mabuti ya mpira, nikaondoka.

Jumanne asubuhi nilikuwa Marangu, kwa mama yake Aneti. Alinipa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, kisha tukaingia kihambani, shamba lake la nyumbani, kati ya migomba na mibuni. Kwenye tawi la kahawa alikuwapo kinyonga dume mwenye pembe mbili puani. Mama Aneti anawaogopa vinyonga tangu utotoni. Hata hivyo alilivuta tawi chini kwa ncha za vidole, uso ameugeuzia pembeni, akalishikilia mpaka nilipomaliza kuchora. Nilipomshukuru akasema twende tukanywe chai.

Alhamisi niliteremka Mabogini kwa shemeji yake Mama Aneti, Baba Eliya, mkulima wa mpunga. Vyura walijaa majarubani, na kabla ya saa nne nilikuwa nimechora aina tatu. Wa nne aliruka. Nikamfuata juu ya tuta, macho kwake tu.

"Mwalimu, simama hapo hapo," Baba Eliya alisema nyuma yangu, kwa sauti ya chini. "Mguu usiushushe."

Mguu wa kulia ulikuwa hewani. Chini yake, katika majani makavu, alilala kifutu, nyoka wa sumu kali, mnene kama mkono wangu. Baba Eliya alinishika makwapani akanirudisha nyuma. Nikaketi topeni.

Alimsukuma nyoka taratibu kwa mpini wa jembe hadi akapotelea vichakani. Nikamwuliza mbona hakumwua. Akapandisha suruali, akanionyesha kovu pana kwenye muundi.

"Mwenzake aliniuma hapa, nikalazwa wiki tatu," alisema. "Lakini panya wanaomaliza mpunga wangu, nani mwingine wa kuwala?"

Jumamosi nilirudi mjini na daftari lenye matope, ndizi za Marangu na mchele wa Mabogini. Majina kadhaa ya vyura bado siyajui. Nilichojifunza ni kwamba mtu aweza kuogopa na bado akawa mkarimu, aweza kuumizwa na bado akatenda haki. Kila ninapovaa viatu, kwenye mguu wa kulia huwa nakawia kidogo, nikimshukuru Mungu kwa mtu aliyekuwa nyuma yangu.